Askari Wangu wa Miguu Minane

Jumatatu, 4 Machi 1996, Osiri
Mgongo umekataa shimo. Nilitoka Shinyalu kutafuta dhahabu, nimepata kikohozi. Filister mwenye hoteli anataka mtu wa kuhudumia meza. Kazi ya juu ya ardhi! Sharti: atakayemaliza mende jikoni ndiye atakayeajiriwa. Cephas, tunayechimba naye, amepeleka paka. Paka kwa mende. Nilicheka mbele yake.

Jumanne, 5 Machi
Mdomoni mwa shimo letu wanaishi buibui wakubwa wa kijivu. Hawategi utando kama wale wavivu wa darini. Buibui huyu huvizia kwenye kitundu chake. Panzi akipita, anamkimbilia na kumrukia kama chui. Macho manane. Cephas ana mawili na bado hujikwaa kwenye ndoo. Filister aliniuliza, wewe jadak, mtu wa kuja, kwenu mgeni huletea wenyeji buibui? Nikamwapia kuwa hataona hata uzi mmoja. Akakubali shingo upande.

Jumatano, 6 Machi
Nimemnasa mmoja kwa kopo. Anaburuta kimpira cheupe nyuma yake. Nilipokivuta kwa kijiti, alikirudia kwa hasira. Cephas akasema hayo ni mayai. Nikamweleza kwa upole kwamba ni chakula cha safari. Mchapakazi hubeba chake. Mimi nilifika darasa la sita, yeye la nne.

Alhamisi, 7 Machi
Ushindi. Buibui wangu amedaka mende mbele ya wateja. Filister alinipa chai na mandazi bure. Paka amelala juu ya gunia la unga. Nilipita karibu naye polepole, Cephas anione vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi askari wangu alikuwa ameota manyoya mgongoni. Chakula kizuri, nikasema, nikaita wateja waje waone. Roseline, dadake Filister, akampiga ufagio. Manyoya yakatawanyika yakikimbia! Watoto, wengi kama mchanga: mezani, kwenye ugali, ndani ya shati la mnunuzi wa dhahabu. Hoteli ikabaki tupu. Filister akaniambia nirudi shimoni kwa jamaa zangu. Cephas amepewa aproni.

Jumapili, 10 Machi
Nimefikiri sana kanisani. Mpango haukuwa na kasoro. Kosa ni kuchukua jike. Phelesia ana hoteli kule Kosele, na mende wake wanasifika hadi huku. Leo nimempata dume halisi: hana mzigo wowote nyuma, na tumbo limejaa nguvu hadi anatembea kwa shida. Kesho tunaondoka.