Ngwe ya Mwenyekiti

Mwaka 1992, siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, wananchi wa Songea walitangaziwa rasmi kwa kipaza sauti kwamba hali ya hewa ya mkoa imeundiwa kamati. Kuanzia siku hiyo mvua isingenyesha tena kiholela. Jua nalo lilitakiwa kusubiri maelekezo. Chombo hicho kiliitwa Kamati ya Taaluma Mseto ya Mipango Shirikishi na Endelevu ya Hali ya Hewa ya Jamii, na kwa kuwa jina halikuenea kwenye kibao cha mlangoni, mlango ulipanuliwa.

Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Isidori, mtu wa miaka hamsini na miwili, mvaaji wa Kaunda suti ya kijivu yenye kalamu tatu mfukoni. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisaini vibali vya sabuni na mafuta ya kupikia katika ofisi ambayo sasa haipo. Enzi zile mtu hakuweza kufua shati lake bila Bwana Isidori kujua. Kisha biashara ikaachiwa huru, sabuni ikajaa maduka yote ya mtaa wa Majengo hadi ikawa inapangwa barazani, na saini yake, saini nzuri yenye mkia mrefu, ikakosa kazi. Jambo hilo liliwauma wote wawili, yeye na saini.

Miaka hiyo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi, na majina yalibandikwa ukutani wazi wazi kama matokeo ya darasa la saba. Kamati ndiyo iliyomwokoa. Ilmradi kamati iko hai, naye kikazi yuko hai; ikifa, jina lake lingekuwa la kwanza ukutani. Alilijua hilo barabara, na lilimnyima raha hata Jumapili kanisani.

Wajumbe walikuwa watatu. Fulgence alikuwa bwana misitu, Leticia mtaalamu wa maji, na Emiliani mtu wa takwimu. Kila mmoja aliamini kwa moyo safi kwamba taaluma za wenzake wawili ni homa ya kupita tu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wote ulitumika kuamua nani akae karibu na nani mezani. Mwaka wa pili walitafuta maana ya neno jamii. Waliipata mwezi wa Agosti, wakaifungia kabatini, wakawa wanashika ufunguo kwa zamu.

Mwaka 1994, mvua zikiwa zinakaribia, ndipo jamii yenyewe ilipobisha hodi. Alikuwa Mama Kasiana wa kijiji cha Lipembe, mwanamke wa miaka sitini na kitu, amejifunga kitenge kiunoni na vumbi la njia nzima miguuni.

“Shikamoo, mama,” alisema Bwana Isidori, maana adabu hakukosa.

“Marahaba, mwanangu. Nimeleta habari ya korongo. Limebakiza hatua ishirini kuifikia chemchemi yetu. Mvua za kwanza zikianguka linaimeza. Hatuna maji mengine mpaka mtoni, na mtoni ni mbali, wengine sisi magoti yameshachoka.”

“Pole sana, mama. Na hilo korongo ni la taaluma gani?”

Mama Kasiana alifikiri. “La udongo.”

“Limechimbwa na maji,” alisema Leticia haraka.

“Kwa sababu miti imekatwa,” alisema Fulgence, haraka zaidi.

Emiliani alikuwa akipekua fomu. “Fomu yetu haina safu ya makorongo. Kitakwimu, mama, korongo lako halipo.”

“Basi njooni mlione hilo lisilokuwepo, kabla halijatumbukiza mtoto wa mtu.”

Aliahidiwa kwamba korongo lake litaingizwa kwenye Mengineyo. Alikuja tena wiki iliyofuata, akaambiwa Mengineyo haikufikiwa kwa sababu ya chai. Alikuja mara ya tatu, akakuta kikao kimeahirishwa kwa sababu ya mawingu. Alipoondoka safari hiyo hakuaga, na kwa mtu wa umri wake kule kwao hilo ni jambo zito.

Huenda mambo yangeishia hapo kwa amani, lakini ikaja barua kutoka kwa Bwana Mkubwa wa mkoa. Barua ilikuwa fupi na haina lugha ya kitaalamu, hivyo iliwatisha wote. Jumatatu baada ya wiki mbili Bwana Mkubwa angefika kuuona mpango wa Kamati. Mpango uonyeshe kwamba wananchi wameshiriki. Pasipo mpango, hakuna Kamati.

Bwana Isidori aliisoma mara tatu, kisha akanywa maji. Mpango hawakuwa nao, ila jalada lake walikuwa nalo, zuri, la rangi ya kijani. Kilichohitajika ni majina ya wananchi na alama zao za dole gumba. Akajaribu kukumbuka jina la kijiji chochote mkoani, likamjia moja tu.

“Jumanne tunakwenda Lipembe,” alisema. “Tunakwenda kushirikisha.”

Jumanne Landrova iliwafikisha Lipembe saa tatu. Walikuta watu kama sitini pembeni mwa mteremko, wamechoka kuisubiri Kamati, majembe begani, na korongo likiwa limetanua mdomo mbele yao. Kando ya njia, kwenye kivuli, palikuwa na chungu kikubwa cha ugimbi, pombe ya kienyeji, na juu yake kata inaelea.

Sasa hapa ni lazima kueleza desturi ya Lipembe, kwa kuwa Kamati haikuiuliza. Kule watu hulima kwa kualikana. Leo kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba hupika ugimbi, na chungu huwekwa ukingoni mwa shamba asubuhi. Atakayeonja kata ya kwanza kabla ya kazi amekubali ngwe, yaani kipande chake cha kulima, na hana ruhusa ya kuondoka mpaka akimalize. Asiyetaka kulima hupita akisalimia tu, na hakuna anayemlaumu. Mtoto wa miaka sita anayajua haya.

Leticia naye aliyajua, kwa kuwa alizaliwa kijijini upande wa Namtumbo. Alimwona Mwenyekiti anakielekea chungu kwa mwendo wa kuheshimu mila.

“Mwenyekiti, naomba kuchangia.”

“Subiri Mengineyo, Leticia.”

“Mwenyekiti, hiyo pombe—”

“Utamaduni asilia ni nguzo ya uendelevu,” alisema Bwana Isidori, akachota kata, akaimaliza. Akachota ya pili, akatamka kwamba ugimbi huo una uwezo mkubwa. Fulgence na Emiliani hawakutaka taaluma zao ziachwe nyuma, wakanywa. Leticia aliwatazama, akatazama korongo, akatazama chemchemi. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akanywa kata moja huku anacheka.

Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Mama Kasiana alikuja na fimbo ya kupimia. Alimpimia Leticia ngwe moja, Fulgence moja, Emiliani moja, na Bwana Isidori mbili.

“Mama, kuna kutoelewana,” alisema Bwana Isidori. “Sisi tumekuja kushirikisha.”

“Ndiyo, mwanangu. Karibu sana. Jembe hili hapa.”

“Namaanisha ninyi ndio mshiriki. Sisi tunaratibu.”

“Wewe umekunywa mbili,” alisema Mama Kasiana kwa upole, kama anayemkumbusha mgonjwa dawa yake, akageuka kwenda kwenye ngwe yake mwenyewe.

Bwana Isidori alitafuta Landrova kwa macho. Dereva, mtu wa kijiji cha jirani na Lipembe, alikuwa ameshatoa funguo na kumkabidhi mzee mmoja azitunze mpaka kazi iishe. Basi Mwenyekiti akakunja mikono ya Kaunda suti, akalishika lile jembe kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, na kazi ikaanza.

Lazima isemwe kwamba siku ile taaluma zilishirikiana kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe. Leticia aliwaonyesha watu wapi maji yatageukia, mtaro ukapinda hapo. Fulgence alisema matete yapandwe ukingoni kwa sababu mizizi yake inashika, na wanawake wakamwambia wanajua, ndiyo maana wamekuja nayo, akafurahi kama aliyefaulu. Emiliani alibeba mawe ya kuzibia huku akiyahesabu kwa sauti. Alipofika mia nne na kumi na mawili watu walishangilia, na ilikuwa takwimu yake ya kwanza kutopingwa na mtu. Bwana Isidori alichimba. Alisimama mara nyingi kutafakari, lakini kila aliposimama bibi mmoja wa ngwe ya jirani alimuuliza kama anaumwa. Ngwe zake mbili alizimaliza saa kumi jioni, wa mwisho, kijiji kikimwimbia wimbo ambao maneno yake hakuna aliyekubali kumtafsiria.

Ijumaa mvua ikaanguka, mvua ya kweli, ya kupasua mabati. Habari zilifika mjini kwamba maji yalikuja, yakakuta mtaro, yakapinda. Korongo lilibaki pale pale na chemchemi ikabaki pale pale. Bwana Isidori aliandika taarifa kwamba Kamati imefanikisha uwezeshaji wa udongo. Jembe hakulitaja. Lakini peke yake ofisini alitabasamu, na alishangaa sana alipogundua kwamba anatabasamu.

Jumatatu Bwana Mkubwa alifika. Alikuwa ameketi, chai imemiminwa, jalada la kijani limefunguliwa na ndani yake mna karatasi moja ya taarifa ya udongo, waliposikia nyimbo nje. Kupitia dirishani Bwana Isidori aliona watu sitini wanaingia uani na majembe begani. Alidhani ni maandamano.

“Hodi,” alisema Mama Kasiana mlangoni. “Tumekuja kurudisha.”

“Kurudisha nini, mama?”

“Siku. Ninyi mlikuja kwetu mkafanya kazi yetu siku nzima. Leo sisi tumekuja kufanya yenu. Ndivyo inavyokwenda. Ngwe zetu ziko wapi?”

Bwana Isidori alishusha pumzi. Akawaonyesha bustani ya maua mbele ya ofisi. Watu sitini waliimaliza kabla chai haijapoa, wakafyeka na majani ya nyuma, wakarudi mlangoni.

“Ile ni kazi ya mtunza bustani,” alisema Mama Kasiana. “Hatukuja kumrudishia yeye. Tunataka kazi yenu ninyi, Kamati.”

Bwana Mkubwa aliweka kikombe chini.

“Waonyeshe, Mwenyekiti,” alisema. “Hata mimi nimekuwa nikitamani kuiona.”

“Kazi yetu ni ya kichwa,” alisema Bwana Isidori. “Huwa tunakaa. Tunaifikiria hali ya hewa.”

“Haya,” alisema Mama Kasiana. “Kaeni, jamani, tufikiri.”

Waliokosa viti walikaa sakafuni, wengine barazani, wengine kwenye nyasi chini ya dirisha. Watu sitini walifikiri. Ukimya ulikuwa mzito hata Subira, mpiga chapa, akaogopa kugeuza karatasi. Baada ya muda mfupi kiasi kwamba ni aibu kuutaja, Mama Kasiana akasimama.

“Tumemaliza. Binti, andika.”

Subira akaandika. Kila kijiji kizibe korongo lake kabla ya mvua. Asiyejua maji yanapita wapi amuulize Leticia. Asiyejua apande nini amuulize Fulgence, naye Fulgence aulize wanawake. Emiliani ahesabu kilichofanyika, si kitakachofanyika. Ilikuwa robo karatasi, na nafasi ya mhuri ilibaki.

Bwana Mkubwa aliisoma, akaisoma tena. “Miaka miwili,” alisema polepole. “Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja.” Akatoa kalamu, akasaini.

Bwana Isidori aliona ukuta wa majina mbele ya macho yake. Alisimama kwa sababu miguu ilimsimamisha yenyewe.

“Na mimi, mama?” alisema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti wa chochote. “Humo mmewataja wenzangu wote. Mimi sikutajwa.”

“Tulikufikiria, mwanangu. Ila hatukujua wewe fani yako ni ipi.”

Alifungua mdomo kusema kwamba yeye anaunganisha, anaratibu, anasaini. Akaufunga. Hakukuwa na cheti cha kutoa, kwa hiyo alifanya jambo lililomjia lenyewe: alinyoosha viganja vyake viwili mbele ya watu sitini na Bwana Mkubwa. Vilikuwa vimechubuka vibaya, malengelenge mengine yamepasuka, mengine yakijiandaa.

Mama Kasiana alivishika, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavikagua kwa makini ambayo vyeti vingi havijawahi kuyapata.

“Binti, ongeza,” alimwambia Subira. “Isidori, ngwe mbili kila Jumanne. Anajifunza.”

Watu walipiga makofi, na Bwana Isidori, ambaye aliwahi kusaini vibali vya sabuni ya mji mzima, ilibidi ajifanye ameingiwa na vumbi machoni.

Mama Kasiana alichungulia nje kulitazama jua. Lilikuwa bado halijafika hata kichwani. Akamgeukia Bwana Mkubwa kwa heshima zote.

“Baba, siku tuliyoileta ni nzima, na tumetumia nusu tu. Hatuwezi kurudi nayo. Hebu tuonyeshe na wewe kazi yako, tukusaidie.”

Watu sitini waliinuka, wakaweka majembe begani. Bwana Mkubwa alitazama mezani, akatazama jalada la kijani, akatazama chai yake. Kisha akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Tunduru. Dereva wake alikuwa ameshuka Majengo kutafuta maandazi, kwa hiyo akaanza kwa miguu.