Pikipiki Imekataa Waragi Yangu

Dada zangu wa Kamwokya, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Aliyenivua ni pikipiki!

Asubuhi binti yangu Nakato ameshikwa na uchungu. Mimba ya kwanza. Petroli hakuna, wiki ya tatu sasa (inakwenda kwa wakubwa, mimi sijasema kitu). Mume wake Sempala ana pikipiki, tangi kavu. Akaja akasimama nyuma ya ukuta, mkwe mwenye adabu, hatutazamani.

"Nyabo, naomba waragi. Fundi Kasule anasema injini inaikubali."

Eh! Pikipiki inywe pombe? Lakini Nakato analia. Nikatoa debe la waragi ninayowauzia wateja, bure! (Mimi! Bure!)

Wateja wakasimama kutazama. Okello, ambaye pikipiki yake imelala mwezi mzima, akasema, "Ikiwaka hiyo, mimi petroli basi. Nahamia kwa Jaja." Akaninyooshea kidole mimi.

Sempala akamimina, akapiga teke. Kimya. Akapiga tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Nakato yuko juu ya kiti cha pikipiki tayari, ameniminya mkono mpaka vidole vinalia.

Fundi Kasule, aliyekuja na Sempala, akamwaga kidogo juu ya jiwe, akawasha kiberiti. Tss! Kikazimika.

"Jaja, hii ina maji."

Banange! Miaka yote nimeapa kwamba siongezi hata tone! (Nilidhani pikipiki haitajua.) Na nani yuko pale na bilauri mkononi? Koplo Adrabo, na bunduki yake.

"Jaja," akasema polepole, "sasa mimi huwa nalewa nini?"

Siku hizi watu wanapotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikataka kusema mvua imeingia kwenye debe. Nakato akapiga yowe. Basi, nikaingia ndani, nikavuta dumu chini ya kitanda, waragi kali isiyotiwa maji, ile ya kwanza kutoka kwenye bomba, nikaibeba mbele ya macho yao wote.

Kasule akamwaga yale maji yangu, akajaza upya. Teke moja. Ikanguruma! Moshi ukanuka kama harusi, wakaondoka.

Nakato amejifungua salama, mtoto wa kike. Okello anasema atahama, lakini atanunua mbele ya Kasule na kiberiti chake.

Koplo hakunikamata. Amekaa mlangoni mpaka sasa, anasema hatoki mpaka aonje ile iliyonywewa na pikipiki. Tafadhali msicheke. Pikipiki imemaliza dumu lote.