Makongoro ya Juu ya Jabali

Jumatano, 11/6/2025
Jumamosi wakwe wanatoka Misungwi kuongea mahari ya Gladness, binti yangu wa mwisho. Mkwe hataji ng'ombe kabla hajala. Mke wangu Getruda anataka supu ya makongoro, miguu ya ng'ombe, ipikwe na kaka yake, Chenge, kwenye ile presha kuka yake inayopiga mluzi. Nyumbani kwangu! Nimekataa. Napika mimi.

Alhamisi, 12/6/2025
Jirani yetu Jinal, mwalimu wa fizikia, kanipa shikamoo yangu. Nikamwuliza habari za kuchemsha. Kasema juu mlimani hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, basi yanachemka upesi. Akawa anaendelea. Mimi nilishaondoka. Nimefika darasa la tatu, sielezwi mara mbili.

Ijumaa, 13/6/2025
Nimekagua jabali la nyuma ya nyumba. Ukiwa juu unauona mtaa wetu wote wa Pasiansi na ziwa. Chenge kauliza, shemeji, unatafuta mtandao? Nikaendelea kupanga mafiga.

Jumamosi, 14/6/2025
Sufuria nimeipandisha jabalini kwa kichwa, mwenyewe. Kuni pia. Mapovu yakatoka, nikaipua palepale. Imechemka, imeiva!
Mzee Shimba, baba wa bwana harusi, ana meno matatu. Kongoro likamponyoka, likatua mapajani kwa mshenga. Mzee akaweka kijiko chini.
"Mkwe, huyu ng'ombe bado anatembea."
Habari ya mahari hakuna. Gladness analia jikoni.
Jinal, aliyealikwa kama jirani, akasema ndiyo maneno niliyoyakimbia: mlimani maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, nyama inachelewa kuiva. Presha kuka inabana mvuke, ule mvuke unakandamiza maji, yanapata moto mkali zaidi ndipo yachemke. Tena jabali lako, babu, ni fupi mno, halibadilishi kitu. Umeipua mapema tu.
Chenge akayatia makongoro kwenye presha kuka yake, akawasha. Wageni wakasubiri wakisikiliza mluzi. Mzee Shimba akanyonya mpaka mfupa, akalamba vidole, akataja ng'ombe kumi na wawili. Gladness akapiga vigelegele. Wakampongeza Chenge. Jabali nililipanda mimi!

Jumapili, 15/6/2025
Getruda kaniambia nimshukuru kaka yake. Nimetafakari badala yake. Mwalimu mwenyewe kakiri jabali ni fupi mno. Kumbe kosa ni la jabali! Harusi ni Agosti. Nimetoka stendi sasa hivi, kuuliza kama basi la Moshi linapakia sufuria na kuni. Mlima Kilimanjaro sio mfupi.