Nimevisoma Vyote Vitano

Jumatatu, 3 Machi

Nimesema uongo. Mdogo tu. Ila nimeusema mbele ya ukumbi mzima wa kiwanda, na sasa umeota miguu.

Ilikuwa hivi. Bi Zoraida, msomaji wetu, ametangaza kwamba koo limemchoka. Miaka yote hiyo amekaa pale jukwaani akitusomea gazeti asubuhi na riwaya mchana, sisi tukisokota sigara. Sasa anapumzika. Moyo wangu ukaruka. Nakitaka kiti kile! Nimekitaka tangu siku ya kwanza niliyoshika jani la tumbaku. Na sasa viganja vinaniuma hata vifungo vya shati anafunga mke wangu, na mkuu wa kikosi ameshaniuliza kama ningependa kuhamia kubandika nembo kwenye masanduku. Kubandika nembo! Marehemu baba, msokotaji mwenye jina, angefufuka anizabe kofi.

Hapo ndipo Osmel, wa meza ya jirani, alipoleta habari za Milango ya Chumvi. Mji wetu mzima wa Camajuaní, hapa Kuba, umeitazama tamthilia hiyo. Kila wiki yule kijana wa baiskeli hupita na diski yake, tunanakili, tunatazama, tunagombana. Lakini sehemu ya mwisho ilikuja mbovu. Malkia Orvena ameshika komeo la mlango wa saba, anavuta pumzi, picha ikaganda. Watu nusura wampige kijana wa watu.

Osmel akasema msomaji mpya atusomee vile vitabu vitano vilivyozaa tamthilia, ili tujue kuna nini nyuma ya mlango. Ukumbi ukagonga visu vya kukatia tumbaku mezani, ta-ta-ta! Kwetu hayo ndiyo makofi. Akauliza kama kuna aliyevisoma. Sijui mdomo wangu ulipatwa na nini.

“Vyote vitano,” nikasema.

Ta-ta-ta! Kwa ajili yangu mimi, Nivaldo! Bi Zoraida akanitazama juu ya miwani. Akasema vizuri sana, yeye anavyo nyumbani, ataniletea nijikumbushe. Majaribio ya kiti ni Jumatano ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Vitabu vimefika ndani ya gunia la unga. Kila kimoja tofali. Nimevipanga mezani, nikavizunguka.

Nimefikiri kwa utulivu. Kwa nini mtu asome kitu ambacho ameshakiona? Nimeitazama tamthilia mara tatu. Ni sawa na kufika Santa Clara kwa basi, halafu uambiwe urudi nyumbani uende tena kwa miguu. Hadithi ni ileile, tena kitabuni hakuna muziki.

Kwa hiyo mpango: nisome ukurasa wa mwisho wa kitabu cha tano, basi. Nikafunua. “Drusko akacheka, akafungua mlango wa nane.”

Drusko ni nani? Na wa nane umetoka wapi? Milango ni saba! Nimehesabu kwa macho yangu! Nikakimbilia orodha ya majina mwanzoni. Drusko, mume wa Orvena. Lakini Orvena ni mjane! Ni mjane tangu sehemu ya kwanza, ndiyo maana tulimpenda!

Nimefunga kitabu. Nimekunywa kahawa ya mke wangu pia.

Alhamisi, 6 Machi

Osmel naye anakitaka kiti. Nilijua! Ana sauti nzito, huimba mazishini, basi anadhani kila anayefumba macho amevutiwa naye.

Nikaona nimpime. Nikamuuliza, kama vile natania, anamwonaje Drusko. Akauliza Drusko ndiye nani, yule fundi pikipiki wa kule stesheni? Nikashusha pumzi. Hajasoma hata mstari.

Kosa langu! Kufika chakula cha mchana ameshauza habari meza zote kwamba kumbe kuna mtu anaitwa Drusko. Wakanizingira na sahani zao za wali na maharage meusi. Drusko ni mtu mzuri? Nikasema mbaya. Mama mmoja akasikitika, nikasema lakini ana moyo mwema. Osmel akataka nichague moja. Nikasema Drusko ni mtu mgumu kueleweka. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Wanaume wa mtaa mzima wanatembea na maua kama wana harusi. Mimi nina kitu bora zaidi: akili.

Mke wangu Mirelis husoma haraka. Yeye kazi yake ni kutoa mishipa ya majani, chumba cha pili, na hata mapumzikoni macho hayatoki gazetini. Nikakifunga kitabu cha kwanza kwa karatasi ya zawadi, nikaweka ua juu. Atakisoma, atanisimulia tukila, mimi nitakaa jukwaani kama profesa.

Alipofungua, akalia! Akasema tangu tuoane sijawahi kumpa kitabu, alidhani simjui kabisa. Akanibusu paji la uso. Nikajisikia mtu mdogo sana, mdogo kuliko kisoda.

Kisha nikamuuliza atamaliza lini.

Jumapili, 9 Machi

Wali umeungua. Maharage yameungua. Mirelis yuko kwenye kiti cha kubembea tangu asubuhi, anasoma, anacheka peke yake, mara anashika kifua. Mimi nimekula mkate na jeli ya mapera.

Nikamwomba anidokeze kidogo. Akashusha kitabu. “Nikudokeze nini, mume wangu? Si umevisoma vyote vitano?”

Habari zimepita ukuta! Nikasema ndiyo, ila napenda kusikia maoni ya wengine. Akasema vizuri, basi tuzungumze, watu wawili waliosoma. Nilimpenda nani zaidi? Nikasema Drusko.

“Drusko? Aliyemuuza mama yake kwa gunia la chumvi? Huyo ndiye umempenda?”

Nikasema huyo hasa, kwa sababu ni mgumu kueleweka. Nikaenda kucheza dhumna kwa jirani. Nimefungwa michezo yote.

Jumanne, 11 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mirelis yuko kitabu cha tatu. Amenibembeleza. Nisome hata kurasa kumi, anaapa kwa mama yake nitapenda. Nikamwambia sina haja.

Ukweli naandika hapa tu: naogopa. Ile tamthilia tuliitazama mtaa mzima kwa jirani yetu mwenye betri, umeme ukikatika tunahamia kwake na viti vyetu, watoto sakafuni, mtu analeta kahawa. Orvena ana sura ile niliyoizoea. Nikifungua kitabu nikamkuta ana mume, ana pua nyingine, je, yule wangu atakwenda wapi? Mirelis amesema hatakwenda popote, watakuwa wawili. Kwake ni rahisi kusema, hana jaribio kesho.

Nimeamua. Nitashika kitabu, nitafumbua mdomo, nitawapa tamthilia. Nani atajua? Hakuna aliyesoma ila Bi Zoraida, naye koo limemchoka! Nimefanya mazoezi ya sauti ya farasi mbele ya kioo. Mbwa wa jirani amejibu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeumbuka.

Osmel alianza. Akasoma matokeo ya besiboli kwa ile sauti yake ya mazishi, na kina mama wawili wakalia kweli. Nikajua kiti ni changu.

Nikapanda. Nikafungua kitabu cha kwanza, nikawapa vita vya darajani moja kwa moja. Farasi! Panga! Orvena akilia juu ya upanga wa marehemu mumewe! Visu vikaanza kugonga mezani. Taratibu, kisha kwa nguvu. Nilimwona hata mkuu wa kikosi ameacha kuzungukazunguka. Viganja havikuuma hata kidogo. Niseme tu: ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote maishani mwangu.

Kisha sauti ya Osmel. “We Nivaldo, mbona hufunui ukurasa?”

Lo! Nilisahau. Mikono ya msokotaji inafanya kazi yenyewe, macho hayana shughuli, yanakaa kwenye mikono ya msomaji. Watu mia wanatazama vidole vyangu, na vidole vimelala. Nikafunua kurasa saba kwa mpigo. Ndipo nikaharibu kabisa.

Osmel akamuuliza Bi Zoraida kama vita vile vimo mwanzoni mwa kitabu. Bi Zoraida hakutaka kuniua, nilimwona. Akasema kwa upole kwamba kitabu cha kwanza hakina vita. Kina bibi anayechimba chumvi. Na marehemu mumewe Orvena ni mzima kabisa.

Kisu kimoja kikaanguka sakafuni. Kwetu mtu akichukia hukiachia kisu kidondoke. Kikafuata cha pili. Kisha vyote, chuma juu ya saruji, mpaka meno yakaniuma. Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Yangu ilikuwa na ngazi nne za kushukia.

Bi Zoraida akakichukua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza kwa koo lake bovu. Bibi anachimba chumvi, mgongoni amebeba mjukuu, anamwimbia, hathubutu kugeuka kumtazama kama bado anapumua. Mimi nimesimama na aibu yangu, lakini jamani, huyo mtoto mzima au mfu? Kwenye tamthilia hakuna bibi, hakuna mtoto! Waliwatoa kwa nini? Nikawakasirikia watu wa tamthilia, mimi!

Sauti ya Bi Zoraida ikakatika hapohapo. Ukumbi ukaguna. Na mlangoni mwa chumba cha pili kulikuwa na Mirelis, aproni imejaa vumbi la tumbaku. Akaja, akachukua kitabu mkononi mwa mama wa watu, akaendelea pale pale. Hata jukwaani hakupanda. Alisoma kama mtu anayekusimulia wewe peke yako. Alipomaliza sura, ta-ta-ta, mpaka majani yakaruka mezani.

Mtoto ni mzima.

Alhamisi, 13 Machi

Kura kwa kunyoosha mikono. Msomaji mpya: Mirelis. Nami nimenyoosha, mimi si shetani. Osmel akanishika bega. “Pole, mume wa msomaji.” Hilo ndilo jina langu sasa.

Jioni Mirelis akasema hakukusudia kunichukulia kiti. Nikamwambia hamna shida. Shida ilikuwepo. Nikalia kidogo, nikasingizia vitunguu, naye ndiye aliyekuwa akivikata vitunguu hivyo, kwa hiyo hakuamini. Akanisugua viganja kwa spiriti, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Akasema koo zote huchoka, hata lake litachoka. Siku hiyo ikifika nikiwa nimesoma kweli, nani atanikataa? Kisha akaweka kitabu cha kwanza juu ya mto wangu.

Nina mke mzuri kupita ninavyostahili. Nimeapa kuanza kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuanza. Kulikuwa na besiboli.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza ya Mirelis kitini. Gauni la buluu, miwani mipya. Bi Zoraida mstari wa mbele, mikono mapajani, anatabasamu kama mama wa bibi harusi. Mkuu wa kikosi alipita mezani kwangu akatazama sigara zangu zilizopinda, akasema tutazungumza mchana kuhusu nembo.

Kabla ya kusoma, Mirelis akasema ana neno. Vitabu vyote vitano amevimaliza, naye hapendi kudanganya watu. Hadithi haijaisha. Drusko anafungua mlango wa nane, na hapo hapo kitabu cha tano kinakatika. Cha sita mwandishi bado anakiandika, mwaka wa ngapi huu. Je, tuanze safari isiyo na mwisho, au achague riwaya nyingine?

Mguno mmoja ukumbi mzima! Osmel kisu kishakaa ukingoni mwa meza. Wakabishana. Mmoja akasema afadhali tubaki na tamthilia, ile angalau imeganda kwa bahati mbaya. Bi Zoraida akasema yeye ameshavisoma mara nne, na kila mara akifika pale mlangoni hulala akiwaza, na huo ndio usingizi wake bora. Mikono ikanyooshwa: tuanze. Lakini nyuso zilikuwa na huzuni. Watu wamefiwa na mwisho mara mbili. Mama yule aliyemsikitikia Drusko alikuwa anajifuta macho kwa jani la tumbaku.

Niliona huruma. Naapa ilikuwa huruma tu. Mdomo ukafunguka.

“Cha sita? Mimi nimekisoma.”

Nikaeleza kwamba nina binamu Hispania, na binamu ana rafiki kwa wachapaji, mambo ya siri, naomba wasiulize. Osmel akafumba macho kama mtu mwenye kichefuchefu. Lakini nyuma kabisa kisu kimoja kikagonga meza. Ta. Kikajibiwa. Ta-ta. Kisha ukumbi wote!

Mirelis akavua miwani. Akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho yale ya siku ya Drusko. Nilidhani atanimaliza. Akavuta kipaza sauti. Akasema, vizuri sana, akimaliza cha tano, mume wake atapanda hapa atusomee cha sita.

Ta-ta-ta! Mkuu wa kikosi amesema habari za nembo zisubiri.

Kiti kinaninyooshea mikono! Kwa mwendo wa Mirelis vitabu vitano vitafika mwakani, na mwakani ni mbali. Kitabu cha kwanza bado kiko juu ya mto, nimekisogeza ili nipate pa kuegemea. Nimenunua kalamu na rimu ya karatasi. Kitabu cha sita nitakiandika mwenyewe. Kuandika hakuwezi kuwa kazi ngumu kama kusoma.