Kanuni Yangu ya Kistari, Malaba hadi Busia

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimemaliza programu. Peke yangu! Inakusanya karatasi za malori kutoka kompyuta zote za kampuni yetu ya kutoa mizigo, kisha inazituma forodha. Siri yake ni swali moja: anwani ya faili ni kamili, au inahesabiwa kutoka pale programu iliposimama? Jibu langu: ikianza na kistari cha mlazo (/), ni kamili. Isipoanza nacho, programu itangulize njia yake yenyewe. Mstari mmoja tu wa programu! Kwenye laptopu yangu yenye mfumo wa Linux hapa Malaba, safi kabisa. Bosi, Mama Benedetta, amesema nikiweza na Busia, ukuu wa kompyuta ni wangu. Winny, mwenzangu wa ofisi ya Busia, ameuliza kama nimejaribu kwenye Windows. Wivu huo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeiweka Busia. Winny amesema kuna chombo tayari cha kukagua anwani, kinachojua kila mfumo. Nimemwambia mimi chapati napika, sinunui. Akarudi kwenye kazi yake. Nimemweza!

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Lori la mteja wetu Omagor limekwama mpakani tangu jana, limejaa nyanya. Karatasi hazionekani. Kumbe Windows ya Busia huanza anwani na C na nukta mbili. Hakuna kistari! Programu yangu ikazitangulizia njia yake, kama mtu aliyeambiwa aende Chakol akaanza kuitafuta ndani ya Burumba, mtaa wa Busia. Omagor amepiga simu kusema nyanya zinatoa maji na mimi sina akili. Mama Benedetta amesema lori likilala tena, nirudi kwetu Kocholia nikalime. Nimeogopa, nakiri. Jembe silijui.

Alhamisi, 13 Machi

Winny alifuta mstari wangu jana alasiri, akaweka chombo chake. Dakika mbili! Lori likapita kabla ya jua kuzama. Ukuu wa kompyuta amepewa yeye. Mimi nimebakizwa kazini kwa sababu ameniombea. Nimesema asante, kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri sana. Kanuni yangu haikuwa na kosa, ilikuwa fupi tu. Sasa: ikianza na kistari, au na C, ni kamili. Mistari miwili! Winny alipoenda chai, nimeirudisha kwenye kompyuta zote. Saa nane Everline wa ofisi ya Chakol amepiga simu karibu kulia. Lori la mayai limezuiwa, karatasi hazionekani, na anwani za faili zake zote zinaanza na D.

Nimemweleza kwa upole kwamba kompyuta yake ndiyo mbovu.