Shogi la Siri

Jumatatu, 3 Novemba

Nimebuni! Shogi la punda, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, lenye kitako cha kufunguka. Unavuta kamba ya buluu, mchanga wa ujenzi unamwagika wenyewe. Hakuna kushusha, hakuna koleo.

Mke wangu Sumeiya yuko kwao Pate mwezi wa pili sasa. Baba yake, Bwana Shuaib, kaniletea salamu: nimwoneshe kazi moja niliyoimaliza ndani ya wiki mbili, la sivyo binti yake atadai talaka. Sasa wataona! Nampenda yule mwanamke. Nyumba bila yeye inanuka ukungu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Wangu, wakili wa hataza anayesajili ubunifu usiibwe, yule mtu wa bara. Kasema siri ya mteja haitoki nje, sheria imemfunga. Sheria! Na simu mbili mezani! Nilimwonesha mchoro ukiwa umekunjwa. Akaomba niukunjue. Nikaondoka.

Siri apewe mcha Mungu. Baada ya Alasiri nimewaapisha watu saba barazani, kwa Msahafu, wasimwambie mtu. Ili waape, ilibidi niwaeleze wanaapia nini. Ili waelewe, niliwachorea. Harith, mwenye punda arubaini, aliomba nichore tena. Mcha Mungu hasa.

Jumatatu, 10 Novemba

Msiba! Punda wa Harith wamepita mtaa wa Wiyoni, kumi na wawili, kila mmoja na shogi langu. Hata kamba ni ya buluu!

Nilimkimbilia nikamwuliza yamini yake iko wapi. Kasema iko palepale: hakumwambia mtu, ameshona mwenyewe. Wale sita wengine wakamshuhudia. Nimelia mbele ya punda.

Jumanne, 11 Novemba

Sumeiya kaja kwa boti ya asubuhi. Amesikia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Kanishika mkono mpaka kwa wakili.

Bi Wangu kasema bado kuna nafasi: nimpe mchoro, nimweleze nilibuni lini na nani waliona, aandike maombi leo hii. Sumeiya akasema, "Mwambie, Bwanamkuu. Nakuomba."

Nilikuwa tayari, wallahi. Ila wakili aape kwanza. Kasema aliapa zamani, siku alipopewa uwakili. Mbele ya nani? Mimi sikuwapo! Nikautia mchoro mfukoni. Sumeiya alibaki kitini, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Boti ya saa nane imemrudisha Pate.

Alhamisi, 27 Novemba

Kwa Kadhi. Kaniuliza, kwa upole, kama nina la kusema kabla ndoa haijavunjwa. Nikasema ninalo: nimebuni kitu kikubwa kuliko shogi, kitamrudisha Sumeiya nyumbani. Lakini kwanza wote waliomo chumbani waape.

Bwana Shuaib alicheka. Sumeiya alilia. Sasa si mke wangu tena, na kifua kinaniuma kweli.

Nje nimekutana na Taufiq, fundi wa mbao, aliyekuja kwa kesi yake. Kanipa maji, kaapa bila hata kuombwa. Nimemweleza ubunifu mpya wote. Kauliza vipimo, akaviandika kimoja kimoja. Watu waaminifu bado wapo.