Damaris Nani?

Jumatatu, 31 Desemba 2007

Nimepata wazo kubwa. Jana matokeo yalitangazwa, moshi ukapanda, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Hapa Kongo, mtaa wetu wa Nairobi, watu wote wana huzuni. Mimi nimefurahi. Najua ni vibaya, lakini hii ni shajara yangu.

Sababu ni katuni yangu, ambayo nimeihangaikia mwaka mzima bila mtu kuitaka. Ni Nairobi ya mwaka 2077. Kuna Wizara ya Hakuna Kilichotokea. Kila jioni waziri husoma taarifa: leo hakuna kilichotokea, laleni salama. Lakini kuna mwanahabari mmoja mkaidi, Damaris, ambaye hupanda juu ya mabati na kipaza sauti akawaambia watu kilichotokea. Polisi wa roboti wanamsaka. Mhariri mmoja wa mjini aliniambia mambo kama hayo hayawezi kutokea nchini mwetu. Leo ningelipa kuuona uso wake.

Shida ni moja. Duka la fotokopi limefungwa na mwenyewe amekimbilia kwao.

Jumatano, 2 Januari 2008

Wazo kubwa zaidi! Kazi yangu ni kuchora mabango. Nusu ya milango ya vibanda vya Kongo niliipaka rangi mimi, Ndululu. Sasa biashara zote zimefungwa na milango imejipanga kando ya barabara. Mlango mmoja, picha moja. Msomaji atasoma akitembea. Hakuna mhariri wala fotokopi.

Adui yangu ni Gerishon, mchoraji mwenzangu, mwenye herufi zinazoyumba. Anapita akiwaandikia watu kabila lao milangoni, ili vijana wakija na mafuta ya taa wajue kibanda cha kuruka. Wateja wake wanapanga foleni. Nilimwambia hiyo si sanaa. Akanijibu kwamba Damaris wangu hazuii kiberiti.

Ijumaa, 4 Januari

Nimeenda kwa Musimbi, msusi, mwenye kibanda cha kwanza barabarani. Kila alicho nacho duniani kiko nyuma ya mlango ule: kioo, viti vya plastiki na draya ya nywele ambayo ndiyo kwanza amalize kuilipia. Nampenda Musimbi. Sijamwambia, kwa sababu nangoja kwanza niwe maarufu.

Amemkataa Gerishon. Anasema vijana wa upande wa juu wa mtaa wakikuta mlango umeandikwa Mluhya labda watapita, lakini mahasimu wao wa upande wa chini hajui, na siku inayofuata labda mambo yamegeuka. Heri picha. Nikamsimulia Damaris. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza: Damaris nani?

Sikuwa nimelifikiria hilo. Jina la kwanza ni la kanisani, halisemi kitu. Jina la pili ndilo linalosema kwenu ni wapi, na siku hizi ndilo vijana wanalolitafuta kwenye kitambulisho pale kwenye vizuizi vyao. Nilimtazama Musimbi, nikaona anachotaka. Nikamwambia, Damaris Kageha. Akacheka. Shangazi yake ni Kageha. Mlango nimeupata!

Jumatatu, 7 Januari

Ushindi juu ya ushindi. Kihara wa bucha aliuliza Damaris nani. Nikasema Nyokabi, jina la kabila lake. Akanipa mlango na mfupa wa supu. Oloo, fundi wa viatu, aliuliza Damaris nani. Nikasema Akeyo, nalo la kabila lake. Akanipa mlango na kunishonea kiatu bure. Kila mmoja nilimwomba aifanye siri, maana Wizara ikilijua jina la Damaris itamfuata hadi kwa wazazi wake. Wameapa. Mpango huu hauna tundu hata moja.

Jumamosi, 12 Januari

Wanasoma! Akina mama wakienda kuteka maji wanasoma. Vijana wa juu wanasoma, mapanga kwapani. Vijana wa chini nao huja wakati wao, ili wasikutane. Mmoja alinishika shati akitaka kujua kama roboti wa mlango wa bucha atalipuka. Nilimwambia avumilie. Akavumilia.

Leo nimesimamishwa kwenye vizuizi viwili. Kwenye kile cha kwanza waliangalia kitambulisho, wakaona ni Mkamba, wakahema, wakaniambia nipite. Cha pili hivyo hivyo. Hakuna aliyejua anichukie vipi. Niliumia kidogo.

Jumatano, 16 Januari

Maandamano, risasi hewani, macho yanawasha. Inasemekana kesho vijana watakuja kusafisha barabara yetu, wa juu na wa chini, kila kundi kwa orodha yake. Musimbi ameniomba nimsaidie kuitoa draya tuipeleke kwa dadake. Nilikataa. Mlango wake nimeupaka upya asubuhi, rangi haijakauka, na tungeharibu pua ya Damaris.

Kisha nikachora mlango wa mwisho, wa Oloo, ng'ambo ya barabara mkabala na kwa Musimbi. Mahakama ya roboti. Hakimu anaamuru: Taja jina lako kamili! Damaris amefungua mdomo. Nafasi ya maneno yake nimeiacha wazi, nyeupe kabisa. Hapo ndipo nilipo fundi. Watashindwa kulala kwa hamu.

Alhamisi, 17 Januari

Naandika nikiwa Kibera, miguu imevimba, moyo umejaa. Nimeshinda.

Mchana tulikuwa tumejifungia kwa Musimbi, mimi na yeye na draya. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Wa juu walitokea kule, wa chini huku, mapanga na mawe na mtungi wa mafuta ya taa. Musimbi alikuwa ameikumbatia draya na kufumba macho.

Lakini walianza kusoma. Hawakuweza kujizuia, kwa kuwa kulikuwa na mlango mpya. Wakasoma polepole, wa huku na wa kule, hadi wakakutana uso kwa uso kwa Oloo, mbele ya ile nafasi nyeupe. Halafu kijana mmoja akasema anajua jina, ni Nyokabi, ameambiwa na Kihara, ambaye aliambiwa na mchoraji mwenyewe. Mwingine akasema uongo, ni Akeyo, Oloo aliambiwa na mchoraji huyo huyo. Gizani, kando yangu, Musimbi akafumbua macho. Akauliza polepole: kwani si Kageha?

Akafungua mlango, akanisukuma nje.

Wakanipa brashi. Kihara na Oloo walikuwa wamefika pia, wamekunja mikono. Wote walisema neno moja: andika. Kulia panga. Kushoto jiwe. Jina lolote kati ya yale matatu lingenimaliza. Kwa hiyo nikaandika la nne: Damaris Kavindu. Ni jina la mama yangu.

Wakauliza kwa pamoja, wa juu na wa chini, sauti moja: Mkamba?

Nilikimbia. Wakanifuata wote. Nilipogeuka, Oloo alikuwa amepoteza ndara na Kihara ameinama kumwokotea, kisha wakaendelea kunifukuza sambamba. Wengine walikuwa wanacheka. Mtungi waliuacha pale pale barabarani. Tangu uchaguzi, Kongo haijawahi kuungana namna hii, na mimi ndiye niliyeiunganisha.

Jumamosi, 19 Januari

Musimbi amenipigia. Hakuna mlango ulioungua. Yale mafuta ya taa ameyatia kwenye stovu yake na majirani wamepika kwa zamu. Alilia kidogo alipotaja draya, nami nikalia kidogo. Kisha akasema majina matatu ni dharau, na nikirudi kabla hasira yake haijaisha atanichoma kwa kitana cha moto. Amekuwa akinifikiria, basi. Ni dalili nzuri.

Habari mbaya: watu wamemwomba Gerishon amalizie hadithi. Kwa herufi zile!

Sijali. Gatwekera, sehemu hii ya Kibera niliyofikia, ina milango mingi kuliko Kongo, na leo asubuhi nimeupata wa kwanza, wa Wepukhulu, anayechaji simu za watu kwa betri ya gari. Ameipenda hadithi sana. Akaniuliza: Damaris nani?

Safari hii sikukurupuka. Mwezi huu umenifunza mengi. Nilitia brashi kwenye rangi, nikapumua, nikamuuliza kwanza mama yake anaitwa nani.